Jiwe kwenye figo na mkojo unaochoma: duka la dawa, zahanati au hospitali?

Mwanamume wa Mtwara au Lindi ambaye tayari ameambiwa ana jiwe kwenye figo, siku mkojo unapoanza kuchoma ana milango mitatu ya kubisha. Upo wa duka la dawa la mtaani. Upo wa zahanati au kituo cha afya. Na upo wa hospitali: Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo kwa aliye Mtwara mjini, Sokoine kwa wa Lindi, Nyangao au Ndanda kwa anayeishi kandokando ya barabara ya kwenda Masasi. Wengi huanza na wa kwanza, ukigoma hujaribu wa pili, na wa tatu huingizwa wamebebwa.

Nitailinganisha milango hiyo, kisha nitalinganisha yanayofuata ukishaingia, kwa sababu kuchagua dawa ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye kuamua jiwe litolewe lini, kwa njia ipi na wapi. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua: kwa mtu mwenye jiwe, duka la dawa ni mahali pa kununulia dawa aliyoandikiwa, si mahali pa kuanzia tiba.

Kwanini mwanamume mwenye jiwe ana hesabu yake

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Wa mwanamume unafika 20. Bakteria wa haja kubwa wana safari ndefu hadi kibofuni kwa mwanamume, ndiyo maana UTI ya kijana wa kiume mwenye afya si jambo la kila mwezi. Ikimpata, daktari makini hutafuta kilichofungua njia: tezi dume iliyovimba, mrija uliobana kwa kovu, kisukari, mpira wa mkojo uliowahi kuwekwa, au jiwe.

Jiwe na bakteria hukutana kwa njia mbili, na tofauti yake ina uzito mkubwa kwenye uchaguzi wa tiba. Njia ya kwanza ni ya mawe mengi tunayoyaona, yale ya kalsiamu na oksalati. Haya hutokana na mkojo mzito wa mtu asiyekunywa maji ya kutosha na mwili wake unavyoshughulikia chumvichumvi. Mvunaji wa chumvi anayeshinda kwenye mabwawa ya Lindi na chupa moja ya maji ni mfano mzuri. Hapo jiwe huja kwanza. Likiziba, mkojo hutuama, na E. koli, bakteria wa utumbo, hupata pa kuzaliana.

Njia ya pili ni kinyume chake: bakteria ndio wanaojenga jiwe. Proteus ndiye fundi mkuu, akisaidiwa na Klebsiella na wengine wachache. Wana kimeng'enya kinachovunja urea ya mkojo kuwa amonia. Mkojo unapoteza uchachu wake, unakuwa wa magadi, na magnesiamu, amonia na fosfati vinagandamana. Jiwe la aina hii halichukui miaka. Ndani ya miezi, au hata wiki, linaweza kukua na kujaza matawi yote ya figo likafanana na pembe za swala. E. koli kwa kawaida hana kimeng'enya hicho, kwa hiyo jina la bakteria kwenye majibu ya maabara si urembo wa karatasi.

Kwa njia zote mbili, bakteria hukaa juu ya jiwe na ndani yake, wamejifunika utando wao. Antibiotiki inapita na mkojo, inawaua wanaoelea, dalili zinaisha, mtu anarudi kazini. Wa ndani ya jiwe hawajaguswa. Ni kuua mchwa wanaotambaa ukutani na kuacha kichuguu nyuma ya nyumba. Ukiona UTI inarudi kila baada ya wiki kadhaa, na ni bakteria yuleyule, acha kulaumu dawa, uliza jiwe.

Kabla ya kulinganisha chochote: pima homa

Hapa ndipo uchaguzi wote unapogawanyika. Chukua wanaume wawili, wote wenye jiwe linalojulikana.

Wa kwanza ni fundi wa Masasi. Mkojo unamchoma, anakwenda haja ndogo mara kwa mara, una harufu. Joto lake ni 36.8. Anakula, anatembea. Ubavu hauumi, au unauma ule uchungu wa siku zote.

Wa pili ni mvuvi wa Msangamkuu. Tangu mchana ubavu wa kulia unamkata, maumivu yanashuka hadi kwenye kinena na korodani. Jioni anatetemeka kwa baridi juani, joto ni 39, anatapika, mkojo unatoka kidogo tu.

Fundi ana siku mbili tatu za kujipanga. Mvuvi hana hata asubuhi ya kesho. Jiwe limeziba, na nyuma yake kuna mkojo wenye bakteria uliogeuka usaha ndani ya figo yenye shinikizo. Kutoka hapo bakteria huingia kwenye damu, presha hushuka, na mtu anaweza kufa ndani ya saa chache. Kwake hakuna kulinganisha milango. Ni kuvuka kwa pantoni au kuzunguka kwa barabara usiku uleule na kwenda moja kwa moja hospitali ya rufaa. Nyuzijoto 38 na kuendelea, pamoja na maumivu ya ubavu, kwa mtu mwenye jiwe: hiyo ndiyo mipaka. Mwenye figo moja, au ambaye mkojo umekata kabisa, aongezwe kwenye kundi la mvuvi hata kama hana homa.

Tatizo letu la kusini ni malaria. Mtu akitetemeka, kila anayemwona anawaza malaria kwanza, na si kosa, kwa sababu malaria ipo kweli. Kipimo cha haraka kinafanywa, mstari wa pili unatokea, dawa ya mseto inatolewa, mgonjwa anarudishwa nyumbani. Lakini kuwa na vimelea vya malaria hakuzuii figo kuziba. Malaria haiumizi ubavu mmoja na kushuka kinenani. Kwa hiyo anayempeleka mgonjwa aseme kwa sauti, mlangoni, kabla ya kuulizwa: "Huyu ana jiwe kwenye figo, na upande unaouma ni huu." Sentensi hiyo hubadilisha mpangilio wa vipimo kuliko chochote utakachobeba mfukoni.

Na jambo moja linalofichika: diklofenaki na panadoli hushusha homa. Aliyemeza vyote viwili saa tisa alasiri akapimwa saa kumi na moja akiwa na joto la 37 hajathibitisha kitu. Amwambie muuguzi alichomeza.

Mlango wa kwanza: duka la dawa

Sifa zake zinajulikana. Ni karibu, hakuna foleni, huulizwi maswali ya aibu. Hilo la aibu lina nguvu kuliko tunavyokiri. Mwanamume akisema mkojo unachoma, kijiweni jibu ni moja: gono. Kwa hiyo anakwenda dukani kimya na kuomba "za UTI", au muuzaji anamwona alivyo na kumpa za gono bila kumuuliza. Maduka ya dawa muhimu yanaruhusiwa kuuza baadhi ya antibiotiki, tena kwa cheti cha daktari. Kinachotokea kaunta ni kingine.

Mfuko unaotoka hapo huwa na sipro, flajili na panadoli, na mara nyingi si dozi kamili bali ya pesa iliyopo. Tuuangalie kwa jicho la mtu mwenye jiwe. Flajili haina kazi yoyote kwa E. koli wala Proteus. Ni ya bakteria wasiohitaji hewa na vimelea kama amiba. Sipro ni dawa nzuri, inafika kwenye figo na tezi dume, lakini imetumika hovyo kiasi kwamba bakteria wengi wamekwisha kuizoea. Na haitakiwi kumezwa pamoja na maziwa au dawa ya kiungulia, kwa sababu hunaswa tumboni isiingie kwenye damu. Muuzaji mwenye haraka hasemi hayo.

Wengine huuziwa nitrofurantoini kwa kuwa ni "ya UTI". Kwa mwanamke mwenye maambukizi ya kibofu tu ni chaguo zuri. Kwa mwanamume mwenye jiwe ni dawa isiyofaa kwa sababu mbili: haifiki vizuri kwenye nyama ya figo wala tezi dume, na Proteus, yule fundi wa mawe, kwa maumbile yake haisikii. Halafu kuna ule unga wa pakiti unaoyeyushwa kwenye maji kupunguza kuchoma. Unaondoa uchachu wa mkojo. Mwenye jiwe la asidi ya yuriki anaweza kufaidika na kupungua kwa uchachu, tena chini ya daktari. Mwenye jiwe la maambukizi anaongezewa hali ileile ya magadi ambayo jiwe lake linaipenda.

Hasara kubwa ya mlango huu, hata hivyo, haipo kwenye dawa yenyewe. Ni kwamba vidonge viwili tu vya antibiotiki vinaweza kuharibu kipimo cha kuotesha mkojo. Ukifika hospitali siku ya nne, maabara inajibu "hakuna kilichoota", na daktari anabaki kubahatisha kama muuza duka, ila kwa gharama zaidi.

Mlango wa pili: zahanati na kituo cha afya

Hapa unapata vitu vitatu ambavyo duka halina: mtu anayekushika ubavu, kipimajoto, na karatasi ya kuchovya kwenye mkojo. Karatasi hiyo ndogo ina taarifa nyingi kuliko watu wanavyodhani. Inaonyesha chembe nyeupe, naitraiti, damu, sukari, na uchachu. Uchachu huo ukisoma 8 leo (namba kubwa maana yake ni magadi), ukasoma 8 wiki ijayo, kwa mtu mwenye jiwe, ni ishara ya bakteria wanaovunja urea. Omba uandikiwe namba, si "mkojo mchafu" tu.

Karatasi ina mipaka. Naitraiti ikikosekana si uthibitisho wa usafi, kwa sababu baadhi ya bakteria hawaitengenezi. Na damu kwenye mkojo kwa mtu wa pwani yetu ina mshukiwa mwingine: kichocho. Kichocho cha mkojo kipo Lindi na Mtwara, kimewapata wengi utotoni kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga, na mayai yake huacha makovu kwenye kibofu na mirija ya figo ambayo baadaye yanaziba mkojo kama jiwe linavyoziba. Wakati mzuri wa kutafuta mayai hayo ni mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mtu akitibiwa UTI mara tano na damu haikomi, aombe kipimo hicho. Dawa yake ni prazikwanteli, wala si antibiotiki.

Kwa fundi wetu wa Masasi asiye na homa, zahanati nzuri inaweza kuwa mwanzo unaofaa, ilimradi aondoke na barua ya rufaa pamoja na dawa. Udhaifu upo kwenye mambo mawili. Kwanza, kwa kawaida hakuna kuotesha mkojo wala picha. Pili, sindano. Seftriaksoni ya siku moja humpa mtu nafuu ya kumdanganya: homa inatulia siku mbili, kizuizi kipo palepale. Jentamaisini nayo ina nguvu dhidi ya bakteria hawa, lakini inaweza kuiumiza figo, na hapo hakuna aliyepima figo zinafanyaje kazi. Kuchomwa sindano ya kwanza kabla ya safari ya kwenda rufaa ni busara. Kuchomwa sindano tano mfululizo badala ya safari ni kununua muda usio wako.

Mlango wa tatu: hospitali, na picha ipi

Faida ya hospitali ni mambo matatu yanayofanyika kwa mpangilio: mkojo unaoteshwa kabla ya dawa, damu inapimwa kreatinini kujua figo zinavyochuja, na picha inaonyesha kama kuna kuziba.

Kuotesha huchukua siku mbili hadi tatu. Mgonjwa mwenye homa hasubirishwi. Anaanzishwa dawa ya mshipani, majibu yakitoka dawa inabadilishwa ilingane na bakteria aliyepatikana. Toa mkojo wa katikati: wa kwanza uache uende, kinga unaofuata, mwisho uache. Ndani ya saa moja hivi uwe maabara, au uwekwe kwenye jokofu, kwani kwenye joto la Mtwara bakteria huongezeka ndani ya kikopo. Lipo pia jambo ambalo hata baadhi ya watoa huduma hulisahau: figo ikiziba kabisa, mkojo wake haufiki kibofuni. Unachokojoa ni cha figo nzima ya upande wa pili, na kinaweza kuonekana safi huku upande mmoja ukijaa usaha. Mkojo safi kwa mtu mwenye homa na ubavu unaouma haumruhusu kwenda nyumbani.

Kwenye picha, altrasaundi ndiyo inayopatikana kirahisi, haina mionzi, na inajibu swali la haraka kuliko yote: je, figo imetuna kwa mkojo uliozuiwa? Udhaifu wake ni mawe ya katikati ya mrija unaoshusha mkojo kutoka figoni hadi kibofuni, ambayo huyakosa mara nyingi. Eksirei ya tumbo ni ya bei ndogo na inaonyesha mawe ya kalsiamu, lakini jiwe la asidi ya yuriki halionekani kabisa. Siti skani bila dawa ya mshipani huyaona karibu mawe yote, hata ya yuriki, na kutoa vipimo vyake kamili. Gharama na mionzi ndiyo bei yake. Kama homa ipo, anza na altrasaundi hapohapo, usisubiri pesa ya siti skani. Kama homa haipo na unapanga kutoa jiwe, siti skani inastahili kuwekewa akiba, kwa sababu hakuna daktari wa upasuaji atakayepanga kazi yake vizuri bila vipimo hivyo.

Muda wa dawa nao unatofautiana. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2021 lilionyesha kwamba kwa wanaume wasio na homa, siku 7 za sipro au septrini zilitosha sawa na siku 14. Wenye homa kwa desturi hupewa hadi wiki mbili. Lakini jiwe linaloziba huvuruga hesabu hizo zote. Na kama mkojo una bakteria bila dalili yoyote, kwa kawaida hautibiwi, isipokuwa mtu anakaribia kufanyiwa utaratibu wa kutoa jiwe. Hapo ni lazima usafishwe kwanza.

Figo imeziba: mrija wa mgongoni au stenti?

Kwa mvuvi wetu, antibiotiki peke yake haitoshi. Usaha uliofungiwa lazima utoke. Takwimu za hospitali za Marekani zilizochapishwa 2013, zikiwaangalia watu waliokuwa na jiwe linaloziba na sumu iliyoenea kwenye damu, zilionyesha vifo asilimia 19.2 kwa ambao figo haikufunguliwa, na 8.82 kwa waliofunguliwa. Hao ni wagonjwa wa hospitali zenye kila kitu.

Njia za kufungua ni mbili. Nefrostomi ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye ngozi ya mgongoni hadi ndani ya figo, ukiongozwa na altrasaundi, mara nyingi kwa ganzi ya mahali pale tu. Stenti ni mpira laini unaopitishwa kupitia njia ya mkojo hadi figoni, ukiwa umejikunja ncha zote mbili, na huhitaji chumba cha upasuaji na kamera. Jaribio lililozilinganisha mwaka 1998 halikuona tofauti ya maana katika jinsi homa inavyoshuka. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari si ipi bora duniani, ni ipi inayoweza kufanyika hapa, usiku huu. Kama zote hazipo, rufaa iandikwe saa hiyohiyo, dawa ikiwa tayari mshipani.

Nefrostomi ina usumbufu wa mfuko wa nje, unaweza kuchomoka kwa mtu anayepanda daladala, na unahitaji kusafishwa. Stenti haionekani, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Mtu hupata nafuu, hurudi Newala au Kilwa, msimu wa korosho unaanza, anasahau. Stenti ikikaa mwaka, chumvichumvi hujenga jiwe juu yake, nyuma na mbele, na kuitoa huwa upasuaji mkubwa kuliko jiwe la mwanzo. Nyingi hubadilishwa au kutolewa ndani ya miezi mitatu hivi. Andika tarehe kwenye ukuta wa chumba, mpe mke nakala, mpe na mjomba, maana kwetu mjomba hasahau jambo la afya ya ukoo.

Katika hatua hii jiwe lenyewe haliguswi. Kulitoa wakati bakteria wamejaa ni kuwasukuma kwenye damu. Kwanza usaha utoke, homa iishe, dawa zikamilike. Kisha ndipo linapangwa.

Jiwe litoke vipi

Kusubiri kunafaa kwa jiwe dogo lililoko kwenye mrija, bila homa, figo zikifanya kazi. La chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe. La milimita 5 hadi 10 ni karibu nusu kwa nusu. Tamsulosini, dawa ya kulegeza mrija huo, husaidia kidogo kwa mawe yaliyoshuka chini karibu na kibofu, ikileta kizunguzungu kwa wengine. Kusubiri kuna kikomo cha wiki nne hadi sita, na homa ikitokea siku yoyote kunakoma siku hiyo. Kwa jiwe la maambukizi, kusubiri si chaguo. Madaktari wa Uingereza Blandy na Singh waliripoti mwaka 1976 kwamba wenye mawe yaliyojaza figo walioachwa bila upasuaji, asilimia 28 walifariki ndani ya miaka 10, dhidi ya 7.2 ya waliofanyiwa. Ni takwimu za zamani.

Mawimbi ya kuvunja jiwe kutoka nje hayana kisu, na ndiyo maana kila mtu anayataka. Yanafaa kwa jiwe la figo lisilozidi sentimita 2. Hayafanywi kukiwa na maambukizi yasiyotibiwa, wala kama njia ya chini imebana, wala kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Vipande lazima vitoke vyenyewe, na vikiwa vya jiwe la maambukizi, kila punje iliyobaki ina bakteria wake na itakua. Kwa mawe hayo mimi nisingeyachagua.

Kamera ya kupitia njia ya mkojo hulifikia jiwe la kwenye mrija, na kamera inayopinda hufika hadi figoni. Hakuna jeraha, siku moja mbili hospitalini, mara nyingi stenti huachwa kwa muda. Kwa mawe makubwa ya zaidi ya sentimita 2 na yale ya pembe za swala, tundu dogo la mgongoni ndilo linaloongoza: jiwe linavunjwa na kunyonywa likiwa mbele ya macho ya daktari. Kutokwa damu na homa baada ya utaratibu ndivyo vitisho vyake. Upasuaji wa wazi umepungua duniani, lakini mahali pasipo na vifaa bado ni tiba halali, na mkononi mwa daktari mzoefu unaweza kutoa jiwe zima kwa mara moja. Kovu ni refu na kurudi shambani huchukua wiki kadhaa. Sioni sababu ya kuudharau kwa sababu tu si wa kisasa.

Wapi? Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 550, na mwenye stenti au mrija anaisikia kila mita ya barabara. Kabla ya kukata tiketi ya kwenda Muhimbili, uliza hospitali ya Kanda na hospitali ya rufaa ya mkoa wako maswali matatu: daktari bingwa wa mfumo wa mkojo yupo lini, vifaa vya njia niliyoandikiwa vipo, na bima yangu inalipia nini? Kambi za madaktari bingwa nazo hupita mikoani mara kwa mara. Dar inashinda pale unapohitaji mbinu ambayo huku haipo. Kusini inashinda kwenye ufuatiliaji, na maambukizi ya jiwe ni ugonjwa wa ufuatiliaji: mkojo unarudiwa, picha inarudiwa, stenti inatolewa kwa tarehe. Aliyefanyiwa Dar na kurudi bila karatasi ya maelezo ameacha nusu ya tiba hukohuko.

Kuhusu "mpaka korosho ziuzwe": nalielewa. Kwa jiwe tulivu lisilo na homa, kupanga upasuaji baada ya minada ni mpango. Kwa UTI inayorudi kila mwezi, figo haisubiri mnada.

Madafu, ndimu na uraka

Maji ya dafu huongeza sitrati kwenye mkojo, jaribio dogo kwa watu wenye afya limeonyesha hivyo, na sitrati huzuia mawe ya kalsiamu kugandamana. Ndimu na machungwa vilevile. Havivunji jiwe lililokwisha kukua, haviui bakteria. Mwenye figo iliyochoka aulize kwanza, kwa sababu dafu lina potasiamu nyingi. Uraka, ile pombe ya mabibo, na bia humfanya mtu akojoe sana kisha humkausha. Kesho yake mkojo ni mzito kuliko jana. Maji ya kawaida yanayotosha kutoa mkojo lita 2 na nusu kwa siku yanashinda vyote, na kwa anayefanya kazi juani hiyo ni zaidi ya lita 3 za kunywa. Ila mvuvi wetu, ubavu ukiwa umeziba na homa juu, asilazimishwe kunywa madumu. Anaongeza shinikizo nyuma ya kizuizi.

Jiwe likitoka, iwe nyumbani au chumba cha upasuaji, lisitupwe. Kojoa kupitia kitambaa cheupe au chujio la chai, likaushe, liweke kwenye kichupa kisafi, mpe daktari. Hospitalini omba lipelekwe kupimwa aina yake, na kipande kioteshwe, maana bakteria wa ndani ya jiwe wakati mwingine si yule aliyeota kwenye mkojo. Likiwa la oksalati, mazungumzo yatakuwa ya maji, chumvi ya mezani na wingi wa korosho unazotafuna. Likiwa la yuriki, kuna dawa ya kuliyeyusha. Likiwa la maambukizi, mkojo huoteshwa tena na tena kwa miezi kadhaa hata kama mtu anajisikia mzima, na picha hurudiwa kuhakikisha hakuna kipande kilichobaki.